Kuvu Madarasani: Maji Yatafutwe Kabla ya Rangi

Kila muhula unapofunguliwa, hasa baada ya mvua nyingi, ziko shule ambazo mlango wa darasa ukifunguliwa, harufu ndiyo inayotangulia kumpokea mwalimu. Ni harufu ya nguo zilizokunjwa zikiwa mbichi na kusahauliwa sandukuni. Chini ya madirisha na katika pembe za dari yameenea madoa meusi na ya kijani. Wanafunzi huingia na kuketi, na haupiti muda kabla mmoja hajapiga chafya, mwingine hajakohoa, na wa tatu hajaanza kufikicha macho. Mwalimu hudhani ni mafua ya msimu. Mzazi naye hudhani ni vumbi la njiani. Wachache ndio wanaofikiri kuutazama ukuta.

Desturi iliyozoeleka ni kuufunika ukuta huo kwa rangi. Siku ya wazazi inapokaribia, au mgeni mkubwa anapotarajiwa, ndoo mbili tatu za rangi hununuliwa na darasa hung'ara kwa muda. Mvua zikirudi, madoa hutokeza tena mahali pale pale. Fedha imekwenda, na watoto wanaendelea kuvuta hewa ile ile. Sababu yake si ubovu wa rangi. Kuvu ni dalili ya maji yaliyoingia mahali yasipotakiwa, na maadamu maji hayo hayajakatiwa njia, hakuna rangi itakayofua dafu.

KUVU NI KITU GANI

Kuvu, ambayo wengine huiita ukungu au koga, ni kiumbe hai cha jamii ya uyoga. Huzaana kwa chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, ambazo huelea hewani na kutua juu ya kila kitu. Chembe hizo zimo katika kila nyumba, iwe kasri au kibanda, na hakuna ufagio unaoweza kuzimaliza. Zikitua mahali pakavu hulala tu bila kufanya lolote. Zikipata unyevu huchipuka, huota nyuzi, na baada ya siku chache hufanya doa linaloonekana.

Ili iote, kuvu huhitaji mambo matatu: joto la kadiri, chakula na maji. Joto lipo wakati wote katika nchi zetu. Chakula nacho hakikosekani, kwa kuwa kuvu hula mbao, karatasi, vitabu, maboksi, mbao laini za dari, hata vumbi lililoshika ukutani na utando wa rangi yenyewe. Jambo moja tu ndilo mwanadamu anaweza kuinyima, nalo ni maji. Ndiyo maana wataalamu wa majengo husisitiza kwamba kitu kilicholowa kikaushwe kabla ya siku mbili kupita. Baada ya hapo kuvu huanza kujijengea makao.

MAJI HUPITA WAPI

Maji huingia darasani kwa njia nne, na kila njia huacha alama yake.

Njia ya kwanza ni paa. Bati lililotoboka kwa kutu, msumari uliolegea, au mfereji wa paani uliozibwa na majani, huyamwaga maji juu ya dari au nyuma ya ukuta. Alama yake ni doa la rangi ya chai lililo juu, ambalo hupanuka kila baada ya mvua.

Njia ya pili ni ardhi. Matofali na saruji hunyonya maji kutoka chini kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa. Fundi mwangalifu hutandika juu ya msingi tabaka la lami au la nailoni nzito ili kuyazuia maji yasipande. Tabaka hilo likikosekana, au udongo wa nje ukirundikana mpaka ukalipita, ukuta hulowa kutoka chini hadi kimo cha goti au kiuno, lipu humenyuka, na unga mweupe wa chumvi hujitokeza.

Njia ya tatu ni mabomba, matangi na maji yanayoruka kutoka ardhini. Pale ambapo maji ya paa huanguka chini karibu na ukuta, matone huruka na kuulowesha ukuta kila siku ya mvua. Bomba linalovuja taratibu nyuma ya ukuta ni baya zaidi, kwa kuwa hulowesha hata wakati wa kiangazi.

Njia ya nne husahauliwa na wengi, nayo ni pumzi za watu wenyewe. Mtu aliyeketi kimya hutoa kwa pumzi na jasho kadiri ya gramu 40 za maji kwa saa. Darasa la wanafunzi 60 wanaokaa saa 6 huweza kutoa lita 14 za maji, yaani zaidi ya nusu ya jerikeni ya lita 20, bila ya mtu yeyote kumwaga hata tone. Madirisha yakiwa wazi, mvuke huo hutoka pamoja na hewa. Yakifungwa, hutafuta mahali pa baridi na kugeuka matone. Askari aliyewahi kulala katika nyumba ya mabati anajua jinsi bati linavyotiririka maji alfajiri ilhali usiku haukunyesha. Maji yale hayakutoka mbinguni. Yalitoka katika mapafu ya waliolala humo.

MADHARA KWA AFYA

Mwaka 2004 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilitoa ripoti kubwa kuhusu majengo yenye unyevu, na mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wake juu ya jambo hilo hilo. Zote mbili zilikubaliana katika jambo la msingi: watu wanaokaa katika majengo yenye unyevu na kuvu huelekea zaidi kupata kikohozi, kuziba pua, kifua kutoa mlio wa filimbi, na kuzidiwa na pumu ikiwa tayari wanayo. Shirika la Afya Duniani halikuweka kiwango cha kuvu kinachoweza kusemwa kuwa ni salama kwa kila mtu. Lilishauri kwamba unyevu na kuvu vizuiwe, na vikitokea viondolewe.

Yafaa ifahamike kwamba madhara hayo hayampati kila mtu kwa namna moja. Watoto 50 wanaweza kukaa katika chumba kimoja, mmoja akalazwa hospitali kwa pumu na wengine wasione lolote. Kwa sababu hiyo mtoto anayeugua huweza kudhaniwa kuwa ni mvivu au anatafuta kisingizio cha kukwepa masomo. Mzazi anayo njia rahisi ya kuchunguza. Mtoto akiwa mzima wakati wa likizo na siku za Jumapili, kisha akaanza kukohoa na kufikicha macho kila anaporudi darasani au bwenini, basi jengo lichunguzwe. Walimu nao wasisahauliwe, kwani wanafunzi hupanda madarasa na kuondoka, bali mwalimu huweza kukaa katika chumba kile kile miaka mingi.

Hata hivyo si kila kikohozi ni cha kuvu. Mtoto au mtu mzima anayekohoa kwa majuma mawili au zaidi, anayekonda, au anayetoka jasho jingi usiku, hapana budi apelekwe hospitali akapimwe kifua kikuu. Kulisingizia jengo huku ugonjwa unaotibika ukiendelea ni kosa kubwa.

HEWA NZITO NA FUNZO LA KAMBINI

Chumba kinachohifadhi unyevu aghalabu huhifadhi pia hewa iliyokwisha kuvutwa. Katika jambo hili historia ya majeshi ina funzo kubwa.

Mwaka 1857 Serikali ya Uingereza iliunda tume ya kuchunguza afya ya askari wake, chini ya uenyekiti wa Sidney Herbert. Muuguzi mashuhuri Florence Nightingale aliisaidia kwa hesabu na maelezo marefu. Ripoti iliyotolewa mwaka 1858 iliwashtua watu wengi. Askari waliokuwa wakiishi kwa amani katika kambi za nyumbani, vijana waliochaguliwa kwa uzima wao, walikuwa wakifa karibu mara mbili kuliko raia wa umri wao. Risasi haikuhusika. Magonjwa ya mapafu ndiyo yaliyoongoza, na tume ikaonyesha kidole msongamano wa vitanda na hewa chafu ya mabweni yaliyofungwa usiku kucha. Baadaye kambi zilitengenezwa, matundu ya hewa yakatobolewa, nafasi ya kila askari ikaongezwa, na vifo vikapungua.

Mwaka huo huo wa 1858, katika mji wa München nchini Ujerumani, mtaalamu Max von Pettenkofer alipendekeza njia ya kupima hewa ya chumba kwa kuangalia hewa ukaa inayotoka katika pumzi za watu. Alisema kwamba hewa ukaa ikizidi sehemu moja katika sehemu 1,000, chumba hakifai kukaliwa muda mrefu. Kipimo chake kingali kinatumiwa na wataalamu hadi leo. Hewa ukaa ya kiasi hicho haiui. Inachoonyesha ni kwamba watu waliomo chumbani wanavuta pumzi za wenzao, pamoja na vijidudu vilivyomo.

Ukweli huo ulithibitika katika chuo kikuu kimoja mjini Taipei, Taiwan, ambako kifua kikuu kilizuka miongoni mwa wanafunzi waliosoma katika vyumba vilivyofungwa. Kwa mujibu wa taarifa iliyochapishwa mwaka 2020, hewa ukaa ilikuwa imepita sehemu 3 katika 1,000. Pamoja na wagonjwa kutibiwa, mitambo ya hewa ilitengenezwa mpaka kipimo kikashuka kufikia kadiri ya 0.6. Hapo waliokutana na wagonjwa baada ya matengenezo hawakuambukizwa tena.

Wala si lazima kununua mitambo. Mwaka 2007 watafiti walitoa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika hospitali 8 za Lima, nchini Peru. Waliona kwamba vyumba vilivyofunguliwa milango na madirisha vilibadilisha hewa yake yote mara 28 kwa saa, ilhali vyumba vyenye mitambo maalumu vilibadilisha mara 12. Juu ya hayo, majengo ya zamani yenye dari ndefu na madirisha makubwa yaliyashinda majengo mapya. Dirisha lililo wazi, pamoja na jingine lililo wazi ukuta wa pili, hufanya kazi ambayo mashine ya gharama kubwa haiwezi.

HATA NCHI TAJIRI ZIMEPATWA

Isidhaniwe kwamba kuvu ni ugonjwa wa shule za maskini. Baada ya bei ya mafuta kupanda ghafula mwaka 1973, nchi za Ulaya na Amerika zilianza kuyaziba majengo yao ili joto lisipotee. Mafuta yaliokolewa, lakini unyevu na hewa chafu vikabaki ndani pamoja na watu. Katika miaka ya 1980 Shirika la Afya Duniani lilikuwa likizungumzia majengo ambayo wakazi wake huumwa kichwa, macho na koo bila sababu nyingine kuonekana.

Finland ni mfano ulio wazi. Nchi hiyo inasifiwa ulimwenguni kwa elimu yake, na haikosi fedha wala mafundi. Hata hivyo, uchunguzi ulioagizwa na kamati ya ukaguzi ya Bunge lake na kutolewa mwaka 2012 ulikadiria kwamba kati ya asilimia 12 na 18 ya majengo ya shule na ya malezi ya watoto wadogo yalikuwa na uharibifu mkubwa wa unyevu na kuvu. Watoto wengi wamelazimika kuhamishiwa katika madarasa ya muda huku shule zao zikibomolewa kuta.

Huko Finland ndiko kulikopatikana funzo linalowafaa wazazi wa kila nchi. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2005, shule mbili zilizoharibiwa na unyevu zililinganishwa baada ya matengenezo. Katika shule ya kwanza kila kilicholowa kiliondolewa na chanzo cha maji kikazibwa kabisa. Afya ya wanafunzi ikaboreka, na karibu maradhi yote yaliyokuwa yakilalamikiwa yakapungua. Katika shule ya pili matengenezo yalifanywa nusunusu, nayo hali ya wanafunzi haikubadilika sana. Matengenezo ya nusu hugharimu fedha kamili na kuleta faida haba.

HALI YA KWETU UGANDA

Uganda ilianzisha elimu ya msingi kwa wote mwaka 1997. Wanafunzi waliokuwa milioni 3 hivi mwaka 1996 walizidi milioni 5 katika mwaka huo mmoja. Lilikuwa jambo la heri, kwani watoto wa maskini walipata mlango. Lakini majengo hayakuweza kukua kwa kasi ya watoto, na chumba kilichojengewa watoto 40 kikapokea mara mbili yake. Kila mtoto aliyeongezwa aliingia na pumzi zake.

Kisha ukaja ugonjwa wa korona. Shule zilifungwa mwezi Machi 2020, na hazikufunguliwa kwa wanafunzi wote mpaka tarehe 10 Januari 2022, muda ambao haukupitwa na nchi nyingine yoyote duniani. Katika kipindi hicho majani yalimea hadi madirishani, mifereji ikaziba, na vyumba vikakaa gizani bila hewa. Jengo lisilokaliwa huoza haraka kuliko linalokaliwa, kwa sababu hakuna wa kufungua dirisha wala wa kuona tone la kwanza. Likizo ya kawaida huleta madhara ya namna hiyo kwa kiasi kidogo.

Yapo pia mambo ya mahali. Kandokando ya Ziwa Victoria mvua hunyesha kwa misimu miwili, na ukuta uliolowa mwezi Mei huenda haujakauka vyema mvua za Septemba zinapoanza. Katika milima ya Kabale na Kisoro baridi huwafanya walimu na watoto wafunge madirisha asubuhi yote. Kwingineko madirisha huzibwa kwa matofali au mabati kwa kuhofia wezi, na mabwenini vitanda husukumwa hadi kugusa ukuta, hata godoro likaota kuvu upande usioonekana.

Familia za askari zina taabu yao ya ziada. Baba au mama huhamishwa kutoka kituo hadi kituo, na watoto huingia shule ambayo wazazi hawaijui. Mzazi hukagua ada, sare na matokeo ya mitihani, lakini ni nadra kukagua chumba. Hali askari ndiye mtu aliyefundishwa ukaguzi kuliko raia yeyote. Jicho linaloona kifungo kilicholegea katika gwaride haliwezi kushindwa kuona doa juu ya kitanda cha mtoto.

YANAYOPASWA KUFANYWA

Mzazi anayezuru shule, au mjumbe wa kamati ya shule, anaweza kufuata utaratibu huu:

1. Shule itembelewe siku moja baada ya mvua kubwa, wala si siku ya sherehe. Mtu aingie darasani kabla ya madirisha kufunguliwa na anuse. Pua hugundua kuvu iliyojificha nyuma ya kabati au juu ya dari.

2. Njia ya maji itafutwe. Doa la juu lahusu paa. La chini lahusu ardhi. La pembeni na nyuma ya makabati aghalabu lahusu pumzi na ukosefu wa hewa.

3. Mifereji ya paani isafishwe kabla ya kila msimu wa mvua. Udongo uliorundikana ukutani uondolewe, na ardhi ielekezwe ili maji yakimbie mbali na msingi. Kazi hizi zahitaji jembe na ngazi kuliko fedha.

4. Madirisha ya pande zote mbili yafunguliwe wakati wa masomo. Mahali penye baridi, yafunguliwe kidogo wakati wa kusoma na yote kabisa wakati wa mapumziko. Dirisha lililozibwa kwa hofu ya wezi liwekwe nondo au wavu mgumu. Wakati wa likizo, apatikane mtu wa kufungua vyumba mara kwa mara.

5. Makabati, vitanda na marundo ya vitabu visogezwe mbali na ukuta kadiri ya upana wa kiganja, hewa ipite.

6. Kuvu ndogo juu ya ukuta mgumu isuguliwe kwa maji na sabuni, kisha pakaushwe. Isifagiliwe ikiwa kavu, kwa kuwa chembe zake hutimka. Anayesafisha afunike pua na mdomo na avae glavu. Mtoto, wala mtu mwenye pumu, asipewe kazi hiyo. Dawa ya klorini isichanganywe kamwe na dawa nyingine ya kusafishia, kwani mchanganyiko huo huweza kutoa hewa ya sumu.

7. Mbao laini za dari, maboksi na magodoro yaliyoota kuvu ndani hayasafishiki. Yatolewe na kutupwa.

8. Rangi iwe kazi ya mwisho, baada ya ukuta kukauka kabisa. Kwa ukuta wa matofali chokaa yafaa kuliko rangi ya mafuta, kwani huuacha ukuta upumue, wala kuvu haiipendi. Kupiga lipu nzito ya saruji juu ya ukuta uliolowa ni kuyafungia maji ndani.

Mambo mengine huzidi uwezo wa wazazi, kama kubadili paa zima au kuchimbua msingi. Hapo kamati iandike taarifa kwa mamlaka ya elimu ya wilaya ikieleza mahali maji yanapoingia, tangu lini, na ni watoto wangapi wanaokaa chumbani. Taarifa yenye maelezo hayo hupata jibu upesi kuliko malalamiko ya jumla kwamba shule ni mbovu.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa darasa huweza kuzibwa kwa mfuko mmoja wa saruji na asubuhi moja ya kazi ya pamoja. Kifua cha mtoto kilichoharibika hakina fundi wa namna hiyo. Msimu wa mvua unaofuata haujafika; huu ndio wakati wa kupanda ngazi na kutazama mifereji.